Miwani ya VR: Matumizi Yake, na Je, Aliyetufu Ndani Yake Amehiji?

SWALI

Mimi naishi Musoma, kaka yetu yuko Bunda na dada yetu ameolewa Butiama. Mama yetu yuko kisiwani Ukerewe. Ni mtu mzima, umri umepita sabini, magoti yanamsumbua, na hata kuvuka kutoka Rugezi kuja Kisorya humchosha. Kwa miaka mingi ameuza dagaa na kuweka akiba ya Hijja, nasi tukimwongezea kidogo kidogo.

Mwaka huu mdogo wetu anayefanya kazi Maskati alikuja likizo na miwani ya VR. Alimvisha mama, naye akaona Al-Kaaba mbele yake, akatufu mara saba akiwa amekaa kitini, akalia sana. Tangu siku ile anasema ameshahiji. Kaka anasema kama ni hivyo akiba imalizie nyumba. Dada anapinga, na sasa hawasemezani. Tunaomba mtufafanulie: VR ni kitu gani? Hijja ile inahesabika? Na je, inafaa tuiweke nyumbani, maana watoto wameishika hawaiachi?

JIBU

Sifa zote njema Anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ndugu yetu muulizaji, jibu la haraka ni hili. Mama hajahiji, na alichokifanya kitini si tawafu. Akiba ni mali yake na inabaki kwa lengo lake mpaka aamue mwenyewe, baada ya kuelezwa ukweli. Ama miwani yenyewe ni chombo kama simu au televisheni, na hukumu yake inafuata kinachotazamwa ndani yake na namna kinavyotumiwa. Maelezo ni haya yafuatayo, nayo tumeyaandika kwa kirefu kidogo kwa sababu familia nyingi za visiwani, Unguja, Pemba, Mafia na visiwa vya Ziwa Victoria, zinaletewa vifaa hivi na ndugu walioko Ghuba na Ulaya.

VR ni nini na inafanyaje kazi

Kwa Kiswahili teknolojia hii huitwa uhalisia pepe. Neno "pepe" ni lile lile la "barua pepe": kitu kinachofanya kazi ya kitu halisi lakini hakishikiki kwa mkono.

Ndani ya miwani mna skrini na lenzi mbili, moja kwa kila jicho. Kila jicho huoneshwa picha iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, kama vile macho yetu mawili yanavyoona kitu kimoja kutoka pembe mbili. Ubongo huziunganisha picha hizo na kupata hisia ya umbali na kina. Kisha kuna vipimo vidogo vinavyotambua kichwa kimegeukia wapi. Ukigeuka kulia, picha nayo hubadilika papo hapo ikuoneshe kilichoko kulia. Miwani ya siku hizi huchora picha mara 72 hadi 120 kwa sekunde moja, na ndiyo maana anayevaa husahau kwamba amekaa sebuleni.

Picha zenyewe hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kurekodi mahali halisi kwa kamera inayoona pande zote, na hiyo huitwa video ya nyuzi 360. Njia ya pili ni kuchora mahali pale kwa kompyuta, kama gemu zinavyochorwa. Programu nyingi za kuonesha Hijja zimetengenezwa kwa njia hii ya pili. Kwa hiyo mara nyingi anachokiona mtu si Al-Kaaba iliyopigwa picha, ni mchoro uliotengenezwa na mafundi.

Historia kwa ufupi

Fikra hii si mpya. Mwaka 1962 Mmarekani Morton Heilig alipata hataza ya mashine aliyoiita Sensorama, iliyomwonesha mtazamaji filamu pamoja na upepo, harufu na mtikisiko wa kiti. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na kompyuta. Kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa kwenye dari. Kwa miaka mingi baada ya hapo vifaa hivi vilibaki katika maabara, majeshi na shule za marubani kwa sababu ya bei yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2014. Mwaka huo kampuni ya Facebook ilinunua kampuni changa ya Oculus kwa takriban dola bilioni 2, na Google wakatoa miwani ya boksi la karatasi ngumu ambayo mtu huchomeka simu yake ya kawaida. Miaka michache baadaye ikaja miwani inayojitegemea, isiyohitaji kompyuta wala waya, na ndiyo aina inayoletwa zaidi na ndugu zetu wanaorudi nyumbani.

Manufaa yake

Si haki kuihukumu teknolojia hii kwa gemu peke yake. Yako matumizi yenye kheri ya wazi.

Katika tiba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle walitengeneza mchezo uitwao SnowWorld kwa ajili ya watu walioungua moto. Mgonjwa anapobadilishwa bendeji huvaa miwani na kujiona yuko katika bonde la theluji akirusha madonge ya barafu. Akili inashughulika na baridi, na maumivu anayoyahisi hupungua. Kila aliyewahi kumshika mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto wakati akisafishwa kidonda ataelewa thamani ya jambo hilo.

Katika mafunzo, tarehe 14 Aprili 2016 daktari Mwislamu wa Uingereza, Shafi Ahmed, alifanya upasuaji katika hospitali ya Royal London huku ukirushwa moja kwa moja kwa kamera ya nyuzi 360. Mwanafunzi aliyekuwa mbali na London aliweza kutazama kana kwamba amesimama kando ya kitanda cha upasuaji.

Katika kuwakumbuka wanyonge, Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ulitoa filamu fupi ya VR iitwayo Clouds Over Sidra, inayomfuata binti wa Kisyria wa miaka 12 katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari, Jordan. Ilioneshwa kwa viongozi na wafadhili ili wayaone maisha ya mkimbizi kwa karibu kabla ya kuamua watoe nini.

Katika kuhifadhi athari za Uislamu, mfano uko hapa hapa Tanzania. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, kuna Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11. Magofu ya huko yako katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na kati ya 2004 na 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari inakula ufukwe, na wenyeji hupanda mikoko kuizuia. Mwaka 2020 shirika la CyArk, pamoja na ICOMOS na Google, lilitoa picha za vipimo vitatu za Kilwa Kisiwani katika mradi mmoja na Bagerhat, mji wa misikiti wa Bangladesh. Vipimo vya namna hiyo vikihifadhiwa, hata ukuta ukianguka mafundi watajua ulivyokuwa. Watu wa Unguja wanajua uchungu wake: Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na roho za watu zikapotea.

Na katika Hijja yenyewe, miwani inafaa sana kwa mazoezi. Mtu ambaye hajawahi kutoka kisiwani kwake anaweza kuonyeshwa tawafu inaanzia wapi, Swafa iko upande gani na Marwa upande gani, na kutoka Mina kwenda Arafa kukoje, kabla hajapanda ndege. Mahujaji wengi hupotea au hukosea kwa kutokujua mahali tu. Mwalimu wa semina ya mahujaji akitumia kifaa hiki pamoja na darasa lake, amefanya jambo jema.

Je, kutufu ndani ya miwani ni Hijja?

Swali hili limeshaulizwa na wengi. Mwezi Desemba 2021 kule Makka ulizinduliwa mradi wa kuwaonesha watu Jiwe Jeusi kwa VR, na Sheikh Abdulrahman as-Sudais ndiye aliyeuzindua. Baadhi ya watu walidhani sasa mtu anaweza kuhiji akiwa kwake. Mapema mwaka 2022 mamlaka ya mambo ya dini ya Uturuki, Diyanet, ilijibu kwamba mtu anaweza kuitembelea Al-Kaaba kwa njia hiyo, lakini kamwe haitahesabiwa kuwa ibada ya Hijja. Huo ndio msimamo ulio wazi kwa kila anayezijua nguzo za Hijja, kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, Allah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) katika Suurat Aal 'Imraan, aya ya 97, Amewajibisha Hijja ya Nyumba kwa mwenye kuweza njia ya kuiendea. Faradhi imefungamana na kuiendea Nyumba ile. Mama alipokuwa kitini Ukerewe, mwili wake ulikuwa zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Makka. Macho yake yaliona mchoro, lakini yeye hakwenda.

Pili, Hijja ina wakati wake. Aliyekosa kusimama Arafa siku ya tarehe 9 Dhulhijja, au usiku wake kabla ya alfajiri ya siku ya kuchinja, Hijja imempita hata kama yuko Makka kwa mwili wake. Basi itakuwaje kwa aliyevaa miwani mwezi wowote, siku yoyote?

Tatu, ugonjwa haukuwa sababu ya kuigeuza tawafu kuwa kutazama. Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba Ummu Salama (Radhiya Allahu 'anha) alimlalamikia Mtume kuwa ni mgonjwa. Akamwelekeza atufu nyuma ya watu akiwa amepanda mnyama. Hakuambiwa akae mahali pake aikumbuke Al-Kaaba kwa moyo. Alibebwa mpaka kwenye Nyumba. Na leo kuna viti vya magurudumu katika Msikiti Mtukufu kwa kazi hiyo hiyo.

Tuwape mfano wa nyumbani kwenu. Lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti liko wilayani Bunda, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Kijana anaweza kutazama video zote za nyumbu bila kuvuka lango lile, na akiulizwa kama ameingia Serengeti atasema hapana. Vivyo hivyo, aliyeona picha ya kaburi la Mwalimu Nyerere hasemi amefika Butiama. Katika mambo haya ya dunia hatuchanganyi kuona na kufika, basi tusichanganye katika nguzo ya tano ya dini.

Machozi ya mama

Tunawaomba msimvunje moyo mama. Mwelezeni kwa upole, na aanze yule aliye karibu naye zaidi. Machozi yale ni dalili ya shauku ya Nyumba ya Allah, na shauku hiyo ina thamani. Imepokewa kwamba Mtume alipokuwa katika safari ya Tabuk aliwaambia Swahaba kuwa kuna watu wamebaki Madina ambao wamo pamoja nao katika ujira wa kila bonde walilopita, kwa sababu udhuru ndio uliowazuia. Mwenye nia ya kweli aliyezuiwa na udhuru hatoki mikono mitupu. Lakini ujira wa nia ni jambo moja, na kuondokewa na deni la faradhi ni jambo jingine.

Akiba ifanywe nini?

Hapa ndipo penye haki ya mtu, na ndipo mlipogombana. Fuateni hatua hizi.

1. Akiba ni ya mama. Alichochuma kwa dagaa ni chake, na mlichompa kama zawadi akakipokea kimekuwa chake pia. Kaka hana haki ya kukiingiza katika nyumba kwa hoja kwamba mama "ameshahiji", kwa kuwa hoja yenyewe si sahihi. Ridhaa inayotolewa kwa kudhani jambo lisilokuwa si ridhaa ya kutegemewa.

2. Mpelekeni kwa daktari. Kama ni magoti tu, na anaweza kusafiri kwa kiti cha magurudumu pamoja na mmoja wenu, na akiba inatosha, basi faradhi iko juu yake mwenyewe na aende. Kama ni maradhi yanayotarajiwa kupona, asubiri.

3. Daktari akisema hali yake haitamruhusu tena kusafiri, na mali anayo, kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ni wajibu amweke mtu wa kumhijia. Dalili ni hadithi ya mwanamke wa kabila la Khath'am iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alimuuliza Mtume katika Hijja ya kuaga kuhusu baba yake mzee asiyeweza kukaa imara juu ya mnyama, kama anaweza kumhijia, naye akamjibu ndiyo.

4. Atakayemhijia awe ameshajihijia mwenyewe, na mama atoe idhini. Kama mdogo wenu wa Maskati ameshahiji Hijja yake, yeye anafaa sana, na safari yake ni fupi kuliko ya kutoka Mara. Kama hajahiji, aanze na yake.

5. Mama akifariki, na Allah Ampe umri mrefu wenye kheri, hali Hijja ilikwisha kumwajibikia na hajaitekeleza, gharama ya kumhijia hutolewa katika mali aliyoacha kabla warithi hawajagawana. Kaka ajue kwamba nyumba iliyomaliziwa kwa fedha ile haitafuta deni hilo.

Kwa utekelezaji, onaneni na sheikh wa wilaya yenu. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba waende Ofisi ya Mufti wa Zanzibar.

Vipi kuhusu Swala ya jamaa?

Wengine huuliza kama mtu anaweza kumfuata imamu wa Makka kwa miwani au televisheni. Wanachuoni wa Kishafi wameeleza kwamba maamuma aliye nje ya msikiti asizidi takriban dhiraa 300 kutoka kwa walio msikitini, yaani chini kidogo ya mita 150, na kusiwe na kizuizi kati yao. Mwaka 2020, misikiti ilipofungwa kwa ajili ya korona, Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa fatwa kwamba Ijumaa haisihi nyuma ya matangazo ya mtandao. Aliye nyumbani siku ya Ijumaa kwa udhuru aswali Adhuhuri. Kusikiliza hotuba kwa mawaidha hakuna ubaya.

Miwani hii nyumbani na watoto

Inajuzu kuwa nayo kwa masharti, nayo ni haya:

– Kilichomo. Kilicho haramu kukitazama kwa simu ni haramu zaidi hapa, kwa sababu mtazamaji amezungukwa nacho pande zote na hakuna wa pembeni anayeona anachokitazama. Kamari, uchi na gemu za ushirikina zifutwe. Tumieni njia ya kuirusha picha ya miwani kwenye simu au televisheni, ili mzazi aone mtoto anaona nini.

– Umri. Watengenezaji wenyewe wameweka mipaka. Sony walisema miwani ya PlayStation si ya walio chini ya miaka 12. Kampuni ya Meta iliweka miaka 13, na mwaka 2023 ikaruhusu kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mtoto wa miaka 6 asivalishwe.

– Kichefuchefu. Watu wa visiwani wanalielewa hili haraka. Aliye ndani ya chumba cha meli, sikio lake huhisi mawimbi na macho hayaoni mwendo. Kwenye miwani ni kinyume: macho yanaona mwendo na mwili umetulia. Kutofautiana huko ndiko kunakoleta kizunguzungu. Mtu apumzike mara kwa mara, akae chini, na mzee asimame tu akiwa ameshikwa. Mwenye kifafa asivae bila ushauri wa daktari.

– Sitara. Miwani inayojitegemea ina kamera zinazotazama nje ili ijue kuta na samani zilipo. Wanawake wa nyumba huwa wamevua mitandio yao humo ndani. Isivaliwe chumbani mwa watu, wala isiachwe imewashwa mezani, na mgeni asiivae bila wenye nyumba kujua.

– Wakati. Anayevaa hasikii vizuri adhana wala hamwoni mzazi anayemwita. Iwekeni saa maalumu baina ya Swala, na ikifika adhana ivuliwe.

Hitimisho

Ndugu yetu, msiitupe miwani ile, wala msiifanye Hijja. Ikiwa mama ataweza kusafiri, mvisheni tena, safari hii mwalimu akiwa pembeni, ajifunze atakapopita. Ikiwa atahijiwa, mumwoneshe mahali ambapo mwanawe atasimama kumwombea. Na kabla ya yote hayo, kaka aende Butiama akamtake radhi dada, maana akiba ya mama haifai kuwa sababu ya kukata udugu.

Tunamwomba Allah Ampe mama yenu shifaa, na Amjaalie kuifikia Nyumba Yake au kuhijiwa Hijja yenye kukubaliwa.

Na Allah Anajua zaidi.